Kitabu cha Mume Wangu Kilimzika Bibi Kabla Hajafa

Ukumbi mzima uligeuka kumwangalia bibi yangu.

Yeye alikuwa anatabasamu.

Masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri, na alikuwa amelisikia jina la marehemu mume wake likitajwa kwenye kipaza sauti. Akadhani anasifiwa.

"Amemtaja Kasimiri?" akaninong'oneza.

"Ndiyo, Bibi."

"Anasemaje?"

Nikamrekebishia kitenge begani.

Pale mbele, mume wangu Geofrey, ndani ya suti niliyoipiga pasi kwa mikono yangu, aliendelea kusoma kitabu chake. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Kasimiri hakusubiri kuamriwa. Aliichoma nyumba yake mwenyewe ili viongozi wamwone kuwa mtu wa mfano. Ndani ya nyumba ile alikuwa amelala mwanawe wa kwanza, mtoto mchanga. Hakutoka."

Kisha mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Na wengine wakafuata.

Wapendwa, mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano siku ile. Nilimshika Bibi mkono nikaona tabasamu lake linazimika. Alikuwa ameelewa. Sijui ni neno gani lilimfikia, lakini alielewa.

"Nipeleke nyumbani," akasema.

Tukatoka. Watu wakatupisha njia, na hakuna aliyetuambia pole.

Naomba nieleze kutoka mwanzo, maana bila mwanzo mtaniona mke mwenye wivu tu.

Naitwa Prisila. Nimezaliwa na kukulia Yakobi, hapa Njombe. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na Bibi Dorosela. Viazi, maharage, ng'ombe mmoja wa maziwa, na misa ya Jumapili, ndiyo yalikuwa maisha yetu. Babu Kasimiri naye alifariki nikiwa shule ya msingi.

Zamani Bibi na Babu hawakuishi Yakobi. Walikuwa na kijiji chao huko milimani, jina nalihifadhi. Ilipokuja operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, miaka ile ya sabini, nyumba za kule zilichomwa ili watu wasirudi. Nyumba ya Bibi ilichomwa na mtoto wake ndani. Aliitwa Amos.

Hilo wote tulilijua. Kila mwaka alikuwa anamwombea misa.

Ila nani aliwasha ule moto? Hapo ndipo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ni cheche kutoka nyumba ya jirani. Wengine walisema ni wageni waliokuja na gari. Wachache, wale wenye midomo, walisema ni Babu mwenyewe.

Bibi hakuwahi kusema chochote. Ukimuuliza, anainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Sasa ndipo akaja Geofrey.

Geofrey alikuwa mwalimu wa historia kwenye chuo kimoja. Mpole, msomi, anaongea na wazee kwa adabu mpaka raha. Familia yake nayo ilitoka kijiji kile kile cha zamani. Baba yake, Mzee Abrahamu, ni mtu mkubwa kanisani, mwenyekiti wa walei. Akisimama kuongea hata watoto wananyamaza.

Bibi alimpenda Geofrey kuliko nilivyompenda mimi. Alimwita "mume wangu", ule utani wa bibi kwa mkwe wake. Akija nyumbani anamsalimia kwa kilugha, "Kamwene, mume wangu. Huyu mke mdogo amekulisha kweli?" Wanacheka.

Wakati tunachumbiana tayari alikuwa anaandika kile kitabu. Alikipa jina *Tulivyohamishwa*. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba na simu yake anarekodi wazee. Alisema hizi historia zikipotea, watoto wetu watabaki na zile za kwenye magazeti ya zamani tu, zilizoandikwa na waliokuwa ofisini. Kusema kweli nilijivunia. Nilimpikia, nilimfulia, nilimshonea na begi la kubebea makaratasi.

Nikimwomba nisome alichoandika, anasema, "Subiri. Nataka iwe saprais."

Siku ya uzinduzi alimnunulia Bibi kitenge kipya. Akamwambia, "Bibi, hiki kitabu ni chako. Lazima ukae mbele."

Ndiyo maana tulikaa mbele.

Tuliporudi nyumbani siku ile sikulala kwangu, nililala kwa Bibi. Asubuhi nikamfuata Geofrey.

"Umeyatoa wapi yale?"

"Nilihoji watu wengi, Prisi. Historia ina vyanzo."

"Nani? Nitajie hata mmoja aliyemwona Babu anawasha moto."

"Baba."

"Baba yako alikuwa na miaka minne wakati ule."

"Alimsikia babu yangu akisimulia."

"Na Bibi je? Yeye si ndiye mama wa mtoto?"

Akafungua kitabu, akanionyesha ukurasa kwa kidole. Nikasoma. *Nilipomuuliza mjane wake ni nani aliyewasha moto, alilia kwa muda mrefu. Hakukanusha.*

"Umeona?" akasema. "Nilimpa nafasi. Hakukanusha."

Nikarudi kwa Bibi. Nilimkuta amekaa jikoni, moto umezimika na hajauona.

"Bibi, niambie tu. Babu alimchoma Amos?"

Akaniangalia tumboni.

"Anacheza huyo?" akauliza.

"Bibi, nimekuuliza."

"Na mimi nimekuuliza. Anacheza?"

"Anacheza."

"Basi nenda kale."

Hilo ndilo jibu nililopata. Nilikasirika. Sitawaficha, kuna dakika nilianza kuamini kitabu.

Kitabu kikatembea, jamani. Walimu wakakinunua. Redio moja ikakisoma vipande vipande jioni. Watu ambao hawajawahi kumaliza hata gazeti walikuwa wanajua ukurasa gani una jina la babu yangu.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba. Ilipofika zamu ya Bibi, alifagia, akapanga mabenchi, akachemsha chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa. Hakuja mtu. Baadaye tulisikia wamesali nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nazisikia nyimbo zao.

Ile chai Bibi alimpa ndama.

Watoto wakaanza kupita njiani wakiimba, "Kasimiri, choma, choma." Msalaba wa kaburi la Babu ukang'olewa. Nilimpelekea Geofrey habari hiyo, akasema inasikitisha, jamii yetu haijakomaa kupokea ukweli.

Akaenda kulisema hilo redioni pia.

Lakini kilichomvunja Bibi hakikuwa hicho. Kilichomvunja ni mwanawe.

Baba mdogo Kristofa ana duka la spea Makambako, karibu na barabara kuu. Ndiye mtoto pekee wa Bibi aliyebaki hai. Kule nako kitabu kilifika. Wateja wakaanza kumtania: "Mtoto wa Kasimiri, nipe kiberiti." Siku moja akafunga duka akapanda gari kuja Yakobi.

Hata hakukaa.

"Mama, nataka neno moja. Baba alimuua kaka yangu?"

Bibi akamsogezea kigoda.

"Mama, mimi nina watoto. Wanaulizwa shuleni. Sema hapana, basi. Ukisema hapana, naenda kumvunja mtu meno."

"Kaa kwanza, mwanangu, upumzike."

"Sema hapana."

Bibi akafunika uso kwa khanga.

"Sawa," Baba mdogo akasema. "Nimeelewa. Umelala na muuaji wa mwanao miaka yote hiyo, ukatuzaa na sisi. Kuanzia leo usinihesabu."

Alipoondoka, Bibi alimfuata mpaka barabarani bila viatu. Baba mdogo hakugeuka nyuma.

Baada ya hapo Bibi hakula vizuri tena. Baridi ya Juni ikamkamata kifua. Tukampeleka hospitali, akalazwa, akaruhusiwa, akarudi amebaki mifupa. Nikahamia kwake moja kwa moja. Mimba ilikuwa imekua, naamka kwa shida, lakini ningemwachia nani?

Geofrey alikuja kumwona mara moja. Mara moja tu.

Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nilipoingia na kikombe niliwakuta wanaongea, nikasimama mlangoni. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, kutoka kitandani hakuweza kuniona. Geofrey alinipa mgongo.

"Mume wangu," Bibi alikuwa anasema, sauti imekwisha, "mbona uliandika vile?"

"Bibi, pumzika."

"Nilikwambia mwenyewe. Kabla hujamwoa mtoto wangu. Nilikuita jikoni tukiwa tunamenya viazi, nikakwambia usiingie kwenye nyumba usiyoijua."

Geofrey akasogeza stuli karibu.

"Nilikwambia ni babu yako Hilario aliyewasha. Alikuwa kijana, aliambiwa achome nyumba zote zilizo tupu. Mimi nilikuwa nimeenda kisimani. Kasimiri alikuwa anakata miti ya kujengea huku chini. Hilario hakuchungulia ndani."

Mikono yangu ilikuwa inaungua na kile kikombe. Sikukiweka chini.

"Alikuja mwenyewe kwa Kasimiri akapiga magoti. Ndugu zangu wangemuua. Kasimiri akaniambia, tumeshazika mmoja, tusizike wawili. Tukaapa hatutamtaja. Nikakwambia wewe peke yako, ili ujue nimesamehe, umwoe mtoto wangu kwa amani. Ulilia, mume wangu. Ulinishika miguu ukalia."

"Nakumbuka, Bibi."

"Halafu ukaja na ile simu ukaniuliza tena nani aliwasha. Nikalia. Nilijua unajua. Nilidhani unanipa pole."

Geofrey akamfunika blanketi vizuri, taratibu, kama mtoto mwenye upendo.

"Bibi, wewe ulishasamehe," akasema. "Kama ulisamehe, basi yamekwisha. Msamaha ulikuwa wako. Kitabu ni changu."

Alipogeuka ndipo akaniona.

Wasomaji wangu, nilitegemea ashtuke. Mtu aliyefumaniwa si hushtuka? Yeye alinipokea kikombe mkononi, akakiweka kwenye stuli, akaniambia, "Twende nje tuongee. Bibi anahitaji kupumzika."

Nje kulikuwa na ukungu hata ng'ombe haonekani.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua alichosema yeye. Baba naye ana alichosema. Mwandishi anachagua."

"Umechagua kumfanya babu yangu muuaji wa mtoto wake."

"Prisi, fikiria kama mtu mzima. Babu yako ameshakufa. Hakuwa na cheo, hakuwa na jina. Kwetu yupo Baba, bado yuko hai, watu wanamwangalia kila Jumapili. Moto ule lazima uwe na mwenyewe kwenye kitabu. Ungetaka niandike nini, upepo?"

"Ungeacha hiyo sura."

"Bila hiyo sura hakuna kitabu."

Alisema hivyo bila hata aibu. Kisha akashika tumbo langu.

"Na huyu atazaliwa akiwa kitukuu wa Hilario. Ukiongea, unamchafua mwanao mwenyewe. Bibi alilielewa hilo mapema kuliko wewe."

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Bibi alikuwa ananiuliza kama mtoto anacheza. Alikuwa amenyamaza kwa ajili ya mwanangu. Geofrey alijua kwamba atanyamaza. Kitabu kizima alikijenga juu ya uaminifu wa yule bibi.

Nilirudi ndani nikapiga magoti kitandani.

"Bibi, nimesikia yote."

Akapapasa mpaka akaupata uso wangu.

"Usimwambie Kristofa kwa hasira," akasema. "Atakwenda kuua."

Nikampigia Baba mdogo simu jioni hiyo hiyo. Hakupokea. Nikaandika ujumbe. Aliusoma, hakujibu. Siku ya pili nikapiga kwa namba ya jirani yake wa dukani, jirani akampa simu, nikasema, "Baba mdogo, njoo, Bibi ana la kukwambia." Akasema, "Alikuwa na nafasi ya kuniambia." Akakata.

Bibi alifariki wiki ile ile. Alikuwa ananisikiliza namwelezea bei ya viazi, akaacha kusikiliza.

Msiba wake ulikuwa wa aibu. Bibi aliyewapikia watu misibani maisha yake yote, wanawake waliokuja kumpikia hawakujaza hata benchi moja. Vijana wa kuchimba kaburi tuliwabembeleza.

Baba mdogo Kristofa alikuja siku ya mazishi. Alisimama mbali, kwenye miti ya misindano, hakuvua kofia.

Geofrey alikuja na baba yake. Mzee Abrahamu ndiye aliyeombwa aseme neno kwa niaba ya wanandugu. Akasema marehemu alibeba msalaba mzito wa mume wake, na Mungu sasa amempumzisha.

Nikashindwa kuvumilia.

Nilisimama na tumbo langu nikasema yote. Nikamtaja Hilario. Nikataja kisima, viazi, kiapo, nikamtaja na Geofrey. Nilisema kila neno.

Nilipomaliza, watu waliangaliana.

Mzee mmoja akauliza kwa upole tu, "Binti, hayo yameandikwa wapi?"

"Hayajaandikwa. Bibi alisema."

"Alikwambia wewe mbele ya nani?"

Nikamwangalia Geofrey. Na watu wote wakamwangalia Geofrey.

Angeweza kusema neno moja. Jeneza lilikuwa pale, bado halijashushwa.

"Mke wangu ana uchungu mkubwa," akasema. "Naomba tumwombee. Hali yake nayo si nzuri, mnaona wenyewe."

Mzee Abrahamu akaanzisha wimbo.

Wakamzika bibi yangu wakiwa wananionea mimi huruma.

Aliyeniamini alikuwa mtu mmoja. Watu walipotawanyika, Baba mdogo alishuka kutoka kwenye miti. Alikuwa amesikia. Akachukua koleo akaanza kurudishia udongo mahali ambapo vijana walikuwa wameuacha ovyo. Alifanya kazi mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Nilimwambia asinihesabu," akasema.

Sikumpa pole. Mnisamehe, siku ile moyo wangu haukuwa na pole ya mtu.

Geofrey sikurudi kwake. Nilijifungulia Makambako, nyumbani kwa Baba mdogo, mtoto wa kike. Nikampa jina la Dorosela. Geofrey alikuja kumwona, alimbeba, alimpiga picha. Alisema jina zuri. Mimi nilikaa chumbani mpaka alipoondoka.

Siku hizi nauza dukani. Nimejifunza majina mengi ya spea kuliko niliyojifunza shuleni.

Mwezi uliopita mteja mmoja, mwalimu, alikuja kununua plagi. Kwapani amebana kitabu. Nilikitambua kwa jalada, ila lilikuwa limebadilika rangi.

"Toleo la pili," akaniambia kwa furaha. "Limeongezwa sura mpya. Hiyo sura ni kali."

"Naomba niione."

Akanipa wakati Baba mdogo anamtafutia plagi.

Sura mpya ilikuwa inazungumzia jinsi familia zinavyokataa ukweli. Mfano wake mkubwa ni mwanamke mmoja, mjukuu wa Kasimiri, aliyesimama makaburini akiwa mjamzito akapiga kelele na kuisingizia familia nyingine. Maneno yangu yote yalikuwepo. Kisima, viazi, kiapo. Ameyaandika vizuri kuliko nilivyoyasema mimi. Chini yake ameweka maelezo: *Huu ni mfano wa namna uchungu unavyotunga historia.*

Kilio changu kimekuwa ushahidi wake.

Nikarudi mwanzo wa kitabu, kule waandishi wanakoweka majina ya wanaowapenda. Palikuwa na mstari mmoja.

*Kwa binti yangu Dorosela, ili ajue ukweli wa alikotoka.*

Nilimrudishia mwalimu kitabu chake. Baba mdogo aliniona uso, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, mpe mteja plagi yake.

Mwanangu ameanza kutembea sasa hivi. Kuna siku atajua kusoma. Atakuta jina lake kwenye kitabu, limechapwa, na chini yake jina la baba yake msomi. Kwa mama yake hatakuta kitu zaidi ya mdomo.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Siyo kitabu, najua. Lakini nimeandika.

Wewe unayesoma hii, kama kijijini kwenu kuna bibi anayejua jambo, usimheshimu kwa kumwacha anyamaze. Kaa naye, muulize, aseme mbele ya watu wakati bado ana sauti. Ukimya wa mtu mwema ni shamba lisilo na mwenyewe. Anayekuja na kalamu ndiye anayelima.

Na ukisoma kitabu kinachosema fulani "hakukanusha", jiulize alikuwa anamlinda nani.

Najua kwenye komenti mtaniuliza ushahidi uko wapi. Mmeshaanza kufanana na yule mzee wa makaburini.

Sina ushahidi. Shahidi niliyekuwa naye tulimzika Yakobi, na wimbo aliuanzisha Mzee Abrahamu.